Shida Kidogo, Daraja la Nne

Kilichonizeesha kabla ya wakati si kompyuta. Kompyuta ikiharibika unaifungua, unaitazama, basi. Kilichonizeesha ni jalada la bluu ambalo shirika letu la misaada lilituletea Arua mwaka 1994, lenye utaratibu bora wa kuhudumia kompyuta. Kila hitilafu ipewe namba. Kila namba ipewe daraja, kufuatana na maneno ya mtumiaji mwenyewe. Fundi, yaani mimi Amandu, asiguse bisibisi wala gari kabla zamu ya namba haijafika.

Mlinzi wa jalada alikuwa Obeti, aliyefundishwa wiki mbili Kampala akarudi haambiliki. Jumatatu asubuhi nilikuwa chini ya meza ya mkurugenzi nachomoa karatasi iliyokwama kwenye printa yake, shida ya daraja la kwanza, nikasikia redio chumba cha pili. Alikuwa Keji, karani wetu wa Koboko kule mpakani, mkimbizi kutoka Sudan.

"Arua, habari ya asubuhi? Watu wa nyumbani iko salama?"

"Salama. Nyinyi huko?"

"Sisi iko muzuri. Mutu yote iko muzima. Ile kompyuta tu, inakataa kuwaka. Lakini shida iko kidogo."

Obeti akaandika: mtumiaji mmoja, shida kidogo, daraja la nne, siku kumi za kazi.

Nilitoka chini ya meza na vumbi langu. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na majina ya familia mia mbili na kumi na mbili zilizovuka mpaka mwezi huo. Ijumaa mahindi yangegawiwa Koboko, na asiye na jina kwenye orodha iliyochapwa angesubiri mwezi mzima. Orodha za mkono zilikuwa marufuku. Poni, dada yake Keji, na watoto wake wanne walikuwa ndani ya majina hayo.

"Obeti, wewe najua ile kompyuta nabeba nini," nikasema.

"Mutumiaji mwenyewe nasema kidogo. Mimi naandika ya mutumiaji."

Hapo ndipo nilipotaka kumrushia printa. Kwetu hakuna mtu anayepiga hodi na msiba mkononi. Unasalimu, unaambiwa wote wazima, kisha shida inapitia mlango wa nyuma, na lazima iwe kidogo. Hata nyumba ikiungua utaambiwa moto ulipita kidogo. Mama yake Obeti alipovunjika mguu kule Ajia alituma salamu kwamba mguu unamsumbua kidogo, na Obeti huyuhuyu alipanda baiskeli bila kunywa chai. Lakini akishakaa nyuma ya jalada anasahau alikozaliwa.

Jumanne nikashika redio mwenyewe. "Keji, dada yangu, sema shida iko kubwa. Sema tu hivyo."

Vituo vyote vya mkoa wetu wa West Nile vilikuwa vinasikiliza.

"Aa, ndugu Amandu, mimi nasema hiyo namna gani? Shida kubwa iko ya watu wenye nabaki porini."

Nilimbembeleza mpaka sauti ikakauka. Mwishowe akasema, kwa aibu, "Basi, andika iko katikati." Obeti akaandika daraja la tatu, siku tano. Siku tano zilituvusha Ijumaa. Kubadili daraja bila neno la mtumiaji kulitaka sahihi ya mkurugenzi, naye alikuwa ameondoka kwenda Kampala mara tu printa yake ilipopona.

Jumatano niliomba gari. Alhamisi niliomba tena. Ijumaa asubuhi nikapanda lori la tumbaku bila namba, bila ruhusa, na mvua ikatuzamisha matopeni saa tano nzima. Nilifika Koboko saa tisa. Fyuzi ilikuwa imeungua. Niliibadilisha kwa dakika nne, na najichukia kila nikizikumbuka dakika hizo, maana ningeweza kwenda Jumatatu kwa miguu.

Ghala lilikuwa limefungwa tangu saa saba. Watoto wanne wa Poni walikaa kwenye ngazi ya ofisi.

"Mama yao iko wapi?" nikauliza.

"Amerudi kule ngambo," Keji akasema. "Anakwenda kuchimba muhogo yake kwa shamba. Iko vita kidogo tu upande ile."

Nilimpa fomu ya kufungia kazi kwa sababu sikujua nimpe nini kingine. Ilimwuliza kama ameridhika. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Ndiyo, asante sana. Shida kidogo imebaki.

Jumatatu Obeti aliisoma, akaniuliza kama hiyo iliyobaki aifungulie namba mpya.

"Fungua," nikamwambia. "Andika daraja la kwanza."

Akachukua kalamu, kisha akasita. "Mutumiaji mwenyewe amesema hivyo?"