Shingo ya Tela

Nilisikia grinda kabla sijalifikia geti. Nikasimama. Tela la Mama Domina lilikwisha tangu Jumatatu, na mimi mwenyewe nilimpigia simu Songea nikamwambia, "Mama, nimelikagua, liko safi." Sasa grinda inatafuta nini?

Ndani ya yadi fundi alikuwa amepiga magoti juu ya shingo ya tela, ile inayopanda kwenye bodi ya pikapu na kubeba uzito wote wa mbele. Pembeni yake kulikuwa na kopo la puti ya kuzibia. Nikaikwangua puti mbichi kwa ufunguo. Chini yake palikuwa na ufa mrefu kama kidole changu. Nikapima unene wa bomba la shingo: milimita mbili. Tulikubaliana nne.

"Laoban, hii nini?" nilimfokea bosi, Mchina mwenye kiwanda.

Akacheka. "Rafiki, si ulitaka jepesi?"

Jepesi! Kana kwamba wepesi ni kumpunguza mtu mifupa. Alumini hubeba, ukiipa unene na mchomeleaji anayeijua. Chuma ni kizito, lakini kikivunjika kijijini fundi yeyote atakiunga. Nilichagua alumini kwa sababu pikapu ya Mama Domina ni ndogo. Yeye ni mkunga. Tela hilo ndilo litakuwa zahanati yake, kijiji hadi kijiji.

Calvin, wakala wetu wa mizigo kutoka Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika, alitoka ofisini na faili kwapani.

"Dogo, kontena linafika saa nane. Wapige rangi, tupakie. Kwani utalivuta wewe?"

"Atalivuta mkunga, kaka. Na ndani kutakuwa na mzazi mwenye uchungu, mteremkoni."

"Malenga huyo! Nenda katunge beti. Jumatatu ulikagua nini? Picha?"

Ngumi yangu ilikuwa imeshainuka. Ikashuka yenyewe. Ni kweli, Jumatatu nilitazama picha sita tu nikiwa kitandani, nikatia saini, kwa sababu Mama Domina aliniita injinia na jina lilikuwa tamu. Hasira yote niliyomwandalia Calvin ikanirudia mwenyewe.

Nikapiga simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, injinia wangu. Limeshapakiwa?"

"Bado. Na mimi si injinia, Mama, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Sikulikagua. Niliangalia picha tu. Shingo ina ufa."

Nikasikia kuku wake uani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "wajawazito wangu nimeshawaambia linakuja."

Calvin alinionyesha kwa mkono nikate simu. Nikachomoa karatasi ya ukaguzi kwenye faili lake, ile yenye saini yangu, nikaichana mara mbili. Bila hiyo, tela halipakiwi. Kisha nikaweka spika ili wasikie wote.

"Mama, shingo hii inakatwa na kuundwa upya kwa bomba la milimita nne. Kila mshono utachomelewa mimi nikiwa nimesimama hapa. Hakuna saini yangu tena mpaka nimepitisha mkono huu kila mahali. Nakuahidi, na hawa wanasikia."