Unywele Kwenye Mpira wa Kamera

"Hizo nywele zako za kubandika ndizo zilizonimaliza," alisema Mama Kasa, kasimama mbele ya jirani yake msusi, mikono kiunoni. "Zinapeperuka baraza zima kama manyoya ya kuku."

Msusi hakuinuka. Alimalizia msuko kichwani kwa mteja, kisha akauliza ni nani aliyemlazimisha mtu kufungia kamera kwenye baraza la kusukia.

Hapo alimgusa penyewe. Mama Kasa, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake ya kuzamia na kupiga picha kasa na samaki, alikuwa na chumba chake, kisafi, chenye mlango. Lakini chumbani hakuna umbea. Kila asubuhi alitoka na kasha la kuzuia maji, akajibanza kando ya shoga yake huyo, akaupaka grisi ule mpira mwembamba wa kuziba, akafunga kamera ndani, huku wakiuchambua mtaa nyumba kwa nyumba.

Juzi alizama na wageni. Kasa mkubwa akatulia mbele yake, samaki wadogo wakimdonoa ukoga mgongoni, picha ambayo bosi wake wa safari za kuzamia aliililia mwaka mzima. Mama Kasa akainua kamera. Kwenye pembe ya kasha ukachomoza uzi wa mapovu. Kule chini huwezi hata kupiga yowe. Alibaki kuyatazama maji ya chumvi yakipanda nyuma ya kioo mpaka kamera ikazimika. Alipolifungua kasha alikuta unywele umenasa chini ya mpira, ndio uliopitisha maji. Jana bosi akamchukua msichana mwenye kamera yake mwenyewe. Alisema kazi hii sasa ni ya damu changa, tena alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma.

"Huo unywele uko wapi?" msusi akauliza.

Alikuwa nao, umeviringwa kwenye tishu vilevile alivyouchomoa chini ya mpira. Kwa hasira hakuwahi kuutazama mara ya pili. Wateja wakarefusha shingo. Msusi akaufuta grisi, akauinua kwenye mwanga, akauvuta kwa kucha. Wa kubandika ungenyooka. Huu ulijikunja ukarudi. Mweusi wa kupakwa, na shinani mweupe pe.

Mtaa mzima ni mtu mmoja tu aliyepakwa rangi na msusi kwa siri, mlango umefungwa, tangu bosi aanze utani wake wa bibi anayezama. Mama Kasa aliuona ule weupe sawia na mwenzake. Mkono ukamwendea wenyewe kwenye kilemba.

"Kumbe wa nani?" mteja akadakia.

Msusi akaufumba kiganjani. Akajibu kwamba baraza lake chafu, kashasikia, atafagia.

Afadhali angemtukana. Tusi lina pa kujibia. Sasa kamera imekufa, kazi imekwenda, na hata wa kumkasirikia hana.

Msusi akamwambia mteja asubiri kidogo, akasukuma mlango wa chumba chake, akamgeukia Mama Kasa.

"Shoga, jiko lako sijalisikia tangu jana. Ingia tule."