Kibanio cha Kitanda cha Tatu

Jumatano saa saba mchana Elisifa alikuwa anakula kiburu cha ndizi na maharage kwenye chumba chake cha kazi, karibu na stendi ya Moshi, simu ikaita. Alikuwa Nesi Theopista wa hospitali ndogo ya huko mlimani.

"Dada Elisifa, pole na kazi. Mzee Antoni wa kitanda cha tatu alifariki jana jioni, lakini skrini bado inasema mapigo sabini na mawili. Naye bado amekaa."

"Amekaa vipi?"

"Kitandani. Anauliza kama mvua imenyesha kwao Kibosho."

Elisifa akaweka kijiko chini. Aliuliza jambo moja tu: kuna mtu aliyechomoa kibanio?

Kilichomolewa. Wodi ilikuwa na vitanda sita na kibanio kimoja cha kupima mapigo kidoleni. Jana saa kumi hali ya Martha wa kitanda cha tano ilibadilika ghafla, Theopista akakichomoa kwa mzee akakikimbiza kwa Martha. Dakika kumi baadaye moyo wa mzee ulisimama. Hakuna aliyegeuka, maana skrini ilikuwa imetulia.

Kiendeshi, ile programu inayokisikiliza kibanio na kuiambia kompyuta kilichosema, alikiandika Elisifa mwenyewe. Hakuwahi kufikiria kwamba waya ungechomolewa kazi ikiendelea. Kikikosa jibu, kilirudia jibu la mwisho.

Saa tisa alikuwa wodini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mkono wa mzee ulikuwa wa baridi kama maji ya mfereji. "Mimi nimeshaondoka. Mashine yako ndiyo haijui."

"Nisamehe."

"Wameshanichimbia kule kihambani kwetu, kwenye migomba. Mvua ikinyesha shimo litajaa. Fanya haraka."

Mkewe, Mama Dominika, alikuwa ameketi pembeni na chupa ya mtori ambayo hakuna aliyeifungua.

Elisifa akafungua kompyuta yake ndogo, akafanya haraka kama alivyoambiwa. Aliandika kwamba kibanio kikichomolewa, kila kilichokihusu kifutwe papo hapo. Akajaribu kwanza kwenye kompyuta yake. Ikaganda. Sehemu inayochora namba kwenye skrini ilikuwa bado imo ndani, inasoma kilichokwisha kubomolewa. Akaitazama kompyuta ya wodi: ndiyo hiyo hiyo iliyomwangalia Martha. Kama angeanzia pale, angekuwa ameibomoa nyumba watu wakiwa ndani.

Akaanza upya. Kwanza kiendeshi kitie alama kwamba kibanio hakipo. Kisha kisipokee swali jipya kutoka kwenye skrini. Maswali yaliyokwisha kuingia yajibiwe "hakipo" kisha yatoke, na la mwisho likitoka, ndipo nafasi ifutwe. Alijaribu mara tisa kabla ya kukipandisha kwenye kompyuta ya wodi.

Maswali yakaanza kutoka. Manne. Mawili. Moja.

Hilo moja halikutoka.

"Kuna nini?" Theopista akauliza.

"Kuna mtu bado yumo."

Wote wawili wakamtazama Mama Dominika. Alikuwa ameshika mkono wa mumewe, anamweleza kwa Kichagga habari za ng'ombe aliyezaa asubuhi, ndama jike, mweusi. Elisifa angeweza kulikata lile swali kwa nguvu. Akamtazama Martha, akaitazama namba ya Martha, themanini na nane, akakunja mikono mapajani. Dakika kumi na saba alikaa hivyo, na hakuna dakika iliyopita bila yeye kuhisi kwamba kila kitu kingeanguka.

"Haya, baba," Mama Dominika akasema, sasa kwa Kiswahili. "Nenda."

Akaachia mkono. Hesabu ikasoma sifuri. Mzee Antoni akajilaza mwenyewe, akavuta blanketi hadi kifuani. Juu ya kitanda chake sabini na mbili ikafutika, yakaja maandishi mekundu: KIBANIO HAKIPO. Ya Martha ilibaki themanini na nane. Theopista akaandika saa ya kifo. Aliandika ya jana.

Kabla jua halijazama mganga mkuu, Daktari Martin, alipita wodini. Alisimama mlangoni akasoma skrini za ukutani, juu ya vitanda: kitanda cha kwanza, kibanio hakipo. Cha pili, hakipo. Cha tatu, cha nne, cha sita.

"Kazi nzuri," akasema. "Sasa inasema kweli."

"Vinahitajika vingine vitano, daktari," Elisifa akasema.

"Najua. Nimeshaomba, tangu mwaka juzi." Akakuna shingo. "Ila haya maandishi yatawatisha ndugu wa wagonjwa. Huwezi kuyapunguza?"

Elisifa akageuka kuyatazama maandishi.

"Yawe madogo kiasi gani?"

"Mtu akisimama hapa mlangoni asiyaone."

Elisifa akafungua tena kompyuta yake.