Finjani Iliyowekwa Chini

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Ilze ni kwamba hakujua kukataa kahawa. Baba alimmiminia, akanywa, akarudisha finjani akiwa ameishika sawasawa kama mtu anayekabidhi yai. Baba akammiminia tena. Kufikia finjani ya saba macho yalikuwa yamemtoka, na baba hakuweza kuacha, kwa sababu kwetu Karak mwenye nyumba haachi kumimina mpaka mgeni atikise finjani. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu karibu na mlango. Niliinua mkono mtupu, nikautikisa kidogo. Akaniona, akaiga. Baba akashusha dele la kahawa, akapumua.

"Alhamdulillahi," mama akasema kutoka jikoni. "Nilidhani tutakaanga buni nyingine."

Ilze alitoka Latvia. Chuo chake cha Kiarabu kilimleta akae kwetu miezi mitatu, kwa sababu mwalimu wake alisema maneno ni nusu tu ya mazungumzo. Nusu nyingine iko majumbani mwa watu. Basi akawa ananifuata na daftari. Kwa nini nikisifu mtandio wako unauvua unipe? Kwa nini mgeni anakataa chakula mara mbili, anakubali mara ya tatu? Kwa nini nikimshukuru mama kwa mkate ananuna?

"Kwa sababu unamshukuru kama muuza duka," nikamwambia. "Wewe mtu wa nyumbani. Mwombee Mungu aibariki mikono yake."

Akaandika.

Mimi si msemaji, na sijawahi kuulizwa mambo mengi namna hiyo. Ilinipendeza. Lakini jioni alikuwa ananisomea alichoandika ili nimsahihishe, na hapo ndipo moyo ulipokuwa unaniuma. Maneno yangu mwenyewe, kwa herufi zetu, alikuwa anayasoma yeye mbio mbio, nami bado nasogeza kidole. Niliacha shule darasa la tano, mama alipoumia mgongo. Hakuna aliyesema niache. Siku zilipita tu, mama akapona, na hakuna aliyesema nirudi. Sasa nina miaka ishirini. Kwenye shule ya wasichana hapo chini ya kilima walikuwa wameanzisha darasa la alasiri la wanawake, na uandikishaji ulikuwa unafungwa Jumapili. Kila siku nilipanga kumwambia baba, na kila siku nikaishia kumpelekea chai.

Ijumaa alikuja ami Dahham, kaka yake baba. Baada ya kula, dele likazunguka. Ilze alipopewa finjani yake akakumbuka kitu cha kuandika. Akaiweka chini kwenye zulia, imejaa, akachukua kalamu.

Ami akakatiza maneno. Baba naye akaitazama finjani. Ilze aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja.

"Falah," ami akasema, "mgeni wako ana haja."

"Nimeona." Baba akakaa vizuri, akaweka mkono kifuani. "Kunywa kahawa yako, binti yangu. Ulichokijia umepewa."

"Nimepewa nini?" Ilze akaninong'oneza.

Ilibidi nimweleze mbele ya wote, uso ukiniwaka. Mtu mwenye ombi zito huweka finjani chini, wala haigusi mpaka mwenye nyumba akubali. Watu huposa hivyo. Hata damu ya aliyeuawa husamehewa hivyo.

"Omba ngamia!" ami akamchochea. "Omba haraka, huyu bahili hatasema tena!"

"Bahili nani? Wewe uliyekuja mikono mitupu?"

Ilze alikuwa mwekundu kama nyanya. "Naomba," akasema, "leo mnimiminie moja tu."

Ami alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, lakini jambo moja lilinibaki kichwani. Baba alikuwa amesema umepewa kabla hajajua anaombwa nini.

Jumamosi asubuhi, Ilze akiwa bado amelala, nilimpelekea baba dele barazani. Akajimiminia, akanimiminia na mimi. Nikaiweka finjani yangu chini, mbele yake.

"Mgeni kakuambukiza?" akanitania.

Sikucheka. Niliangalia zulia. Kuweka finjani chini ni jambo la wanaume, tena watu wazima wenye ndevu, na mimi nilikuwa na kitambaa cha jikoni begani. Mvuke ulipungua, kisha ukaisha.

"Inapoa, mama," akasema. Ndivyo anavyoniita akiwa na furaha.

Sikuigusa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. "Falah," akasema, "binti yako hachezi."

Baba akaweka finjani yake pembeni, akakaa vizuri, akaweka mkono kifuani vilevile kama jana.

"Kunywa kahawa yako, Wadha. Ulichokijia umepewa."

Niliinywa yote, baridi na chungu, nikaitikisa, nikamrudishia.

"Haya," akasema. "Sasa niambie nimekupa nini."

"Nataka kurudi shule, baba."