Naibu na Kikombe cha Mnazi

Siku ambayo Kahaso Menza alifanya usaili wa kwenda Aisilandi, farasi wote wa Marafa walikuwa punda. Siku nyingine pia huwa hivyo, lakini siku hiyo jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee.

Kahaso alikuwa amemaliza shule ya bweni, akaacha nyuma alama nzuri za Biolojia na kumbukumbu ya mbuzi aliyepanda jukwaani siku ya wazazi, kavaa tai ya shule. Sasa shamba moja la farasi huko Aisilandi lilikuwa limebakiza nafasi moja ya mwanagenzi: miezi sita ya kulisha, kusugua na kupanda farasi wafupi wenye manyoya kama zulia. Kahaso aliitaka nafasi hiyo hata chakula hakikumpita kooni, na kwa mtu aliyeshinda maharage ya bwenini, hilo si jambo dogo.

Mwenye shamba, mama aitwaye Sigrún, alitoa sharti. Farasi wa kwao wana mwendo laini ajabu. Vijana huwapanda wakiwa wameshika kikombe kilichojaa, pasimwagike hata tone. Angepiga simu ya video amwone Kahaso akifanya vivyo hivyo na mnyama wa kwao.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Kahaso alikuwa amemwandikia kwamba amepanda mnyama wa nyumbani tangu utotoni. Hakuandika mnyama gani. Sigrún akadhani, na Kahaso, kwa adabu zake, hakutaka kumkatiza mtu mzima anapodhani.

Mnyama mwenyewe alikuwa punda wa kubeba maji. Jina lake Naibu, kwa heshima ya naibu wa mwalimu mkuu, ambaye naye hakuwahi kucheka.

"Nywele tumemaliza," alisema binamu yake Dena, akifunga fundo la mwisho la makonge shingoni mwa Naibu. "Bado masikio."

"Mvishe kofia ya ukili."

"Farasi na kofia, we Kahaso?"

"Jua la Marafa hili. Mtu wa barafuni atajuaje?"

Walisimama ukingoni mwa Nyari, lile korongo la udongo mwekundu, maana ndipo mtandao unaposhika. Hawe Kadii, nyanya yake Kahaso, alikuja polepole na kikombe cha bati kilichojaa tembo la mnazi.

"Hawe, nilisema maji!"

"Maji ya kuchezea yako kwa nani? Huyu punda kayatoa bwawani kwa mgongo wake. Shika mnazi huo, umegemwa asubuhi."

Simu ikalia. Dena akaielekeza kwa Kahaso. Uso wa Sigrún ukatokea, mwekundu, umezungukwa na kofia ya sufu. Akamtazama Naibu kwa muda mrefu kidogo.

"Vizuri," akasema kwa Kiingereza. "Anza."

Naibu akaondoka. Na loo, alivyokwenda! Miaka ya kubeba madumu yasiyofungwa vizuri ilikuwa imemfundisha kutembea kama bibi harusi. Mnazi ulitulia kikombeni, umejaa hadi mdomoni. Moyo wa Kahaso ulimpiga kama ngoma ya sengenya. Mti waliouchagua kuwa mwisho wa safari ulikuwa pale, hatua chache tu.

"We mjukuu!" Hawe akapaza sauti. "Unavuka bahari na mnazi mkononi, na waliolala hujawapa chao?"

"Hawe, si sasa!" Kahaso alinong'ona huku amebana meno.

"Sasa ndiyo sasa! Sitaki uzame kwenye barafu kwa choyo."

Kahaso alikuwa amefanyia mzaha kila kitu duniani, wakiwemo walimu na tai yao. Lakini hakuwa amewahi kuona mtu wa boma lao akishika mnazi bila kuwapa koma, mizimu ya wazee, kwanza. Hata tone, alisema Sigrún. Mkono ukainama wenyewe. Uzi mwembamba ukashuka mchangani, Naibu akiendelea kutembea.

"Pokeeni," alisema. "Nipeni njia."

Akakinyoosha kikombe. Hakuna tone jingine lililomwagika. Wakafika mtini, Naibu akanusa mnazi, akalia kwa sauti ya kupasua anga. Kofia ikaanguka. Masikio yakasimama wima, marefu, bila aibu.

Uso wa Sigrún uliganda kiooni.

"Mtandao umekatika?" Dena akauliza kwa Kiingereza, kwa matumaini.

"Haujakatika," akajibu Sigrún. "Umemwaga."

"Ndiyo, mama. Cha kwanza ni cha wazee wetu waliotangulia. Na huyu… huyu ni punda."

"Binti, nimezaliwa zizini. Nilimjua tangu mwanzo. Kofia ndiyo iliyonizuia nisikate simu." Akacheka mpaka akafuta macho. "Lakini umemimina mnyama akitembea, ukakomea ulipotaka. Vijana wangu hawawezi. Njoo mwezi wa tano. Ila hatamu yako iache huko. Hapa haiingii hata kamba iliyovaliwa na mnyama wa nje, tunaogopa magonjwa."

Kahaso alipiga ukelele, mwangwi wake ukazunguka Nyari na kurudi. Dena aliirusha simu juu, kisha akakumbuka si yake, akaidaka.

"Anasemaje?" Hawe akauliza.

"Nimepata, Hawe! Nakwenda!"

Hawe alikichukua kikombe, akachungulia kilichobaki, akakinywa chote.

"Nilijua," akasema, akijipangusa midomo. "Hao wetu waliolala hawajawahi kunywa bure."