Mkono Wangu Mikononi mwa Wifi

Mimi ni msusi. Nalisema hilo kwanza kwa sababu wapo walioanza kuniita "yule aliyekuwa msusi," na masikio yangu hayakuungua, niliwasikia. Saluni yangu iko Manzese, nyuma ya duka la vifaa vya bomba. Ukisimama mlangoni unayaona mabasi ya mwendokasi yakipita. Kabla ya kuungua, wateja walikuwa wanatoka mpaka Goba kuja kusukwa na mimi, na huko Goba kuna saluni zenye viyoyozi. Walifuata vidole hivi.

Aliyeniunguza ni wifi yangu Sesilia, mdogo wa mume wangu Praygod. Alikuja kutoka Same kujifunza kazi, akakaa kwetu. Rasta zikiisha kusukwa, ncha zake humiminiwa maji yaliyochemka ili zikaze zisifumuke. Siku hiyo Sesilia alikuwa anayaleta maji kutoka kwenye jiko la mkaa, simu ameibana kati ya sikio na bega, anacheka. Mguu ukanasa kwenye waya wa draya. Sufuria ikaelekea mgongoni kwa mteja mmoja wa Goba, nami nikanyoosha mkono wa kulia nikaidaka.

Mteja hakupata hata tone. Mimi kiganja kiliiva. Kidonda kilipokuja kufunga, kovu likavuta vidole vyote, vikajikunja kama nimeshika yai. Sikuweza kushika kitana, sikuweza hata kumpa mtu mkono kanisani.

Tangu siku ile sikumsemesha Sesilia. Tuliishi nyumba moja, tukapishana mlangoni, nikiwa na neno naiambia sufuria. "Kuna watu wanakunywa maji hawajazi ndoo," naiambia sufuria, na ndoo inajazwa. Praygod anaendesha lori la Tunduma. Akirudi anatukuta tumenuna, anakumbuka ghafla kwamba lori linahitaji kuangaliwa breki, anatoka.

Hospitalini walilipasua lile kovu, wakachukua ngozi ya pajani kwangu wakaipandikiza kiganjani. Walipofungua bendeji nikaviona vidole vyangu vimenyooka, nililia mbele za watu na sikuona aibu. Ila muuguzi aliniambia nisishangilie mapema. Ngozi iliyopandikizwa husinyaa. Miezi inayofuata ndiyo ingeamua kama vidole vitabaki wazi au vitarudi kujikunja.

Muuguzi huyo anaitwa Kokuberwa, mama wa Bukoba mwenye sauti ya taratibu hata anapokukatalia. Ndiye aliyenieleza habari za utafiti.

"Kila mgonjwa tunampa kibao cha plastiki cha kufunga mkono wakati wa kulala, na mazoezi," alisema. "Nusu yao tunawaongezea kitu kimoja. Wanakandwa kovu kwa mafuta, asubuhi na jioni, na mtu wa nyumbani. Nani anaingia kundi lipi, inachagua kompyuta."

"Na kundi lipi ni bora?"

"Hatujui, dada Gladness."

"Hamjui? Nyie?"

"Tungejua tusingewasumbua. Kuna wanaoapa kwamba kukanda kunasaidia, kuna wanaosema ni kupoteza muda. Tunataka tupime. Na ukichoka unatoka siku yoyote, hutakiwi kutoa sababu, na matibabu yako yanaendelea vilevile."

Nikakubali, kwa kuwa nilidhani kompyuta itanipendelea. Kompyuta ikanitupa kwenye kukandwa. Mafuta ya nazi! Mtu wa saluni mimi, ninayeshinda nayo kutwa nzima, niende hospitali yenye lifti nikapewe mafuta ya nazi! Na baya zaidi lilikuwa bado. Kazi yenyewe inataka mikono miwili ya mtu mwingine, mmoja uvute vidole vinyooke, mmoja ukande. Nani yuko nyumbani kila siku? Nilimwambia Praygod yeyote, hata jirani, lakini si yule. Yeye akaniuliza jirani gani ataacha mambo yake asubuhi na jioni.

Kokuberwa akamfundisha Sesilia mbele yangu. "Weka kidole gumba juu ya kovu, bonyeza mpaka lipauke, halafu zungusha polepole. Mgonjwa ndiye anayesema ongeza au punguza. Maumivu ni yake, wewe huyaoni."

Basi tukawa tunakaa uani, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye kiti, mkono wangu mapajani kwake. Naangalia ukuta. Yeye kainamisha kichwa, anapitisha kidole kiganjani kama anayemfuta mtoto mchanga maziwa mdomoni. Akimaliza anafunga kopo, mimi naondoka. Hata "asante" sikumpa.

Kulikuwa na sharti jingine lililonitesa zaidi. Anayepima vidole ni daktari tofauti, Dokta Lubaba Bandali, binti wa Kihindi anayevaa hijabu nyeusi na asiye na maneno mengi. Yeye hatakiwi kujua nani anakandwa na nani hakandwi, asije akavutia upande. Kwa hiyo siku ya kupimwa unaosha mkono kwa sabuni mpaka harufu ya nazi iishe, na unafunga mdomo. Mimi, kufunga mdomo! Kokuberwa alikuwa akinisindikiza hadi mlangoni, ananionyesha midomo yake kwa kidole, kisha ananisukuma ndani.

Mara ya kwanza vipimo vilikuwa vizuri. Mara ya pili Dokta Lubaba aliweka ile rula yake yenye bawaba juu ya kidole cha kati, akaangalia, akairudia. Akapima cha pete, akapima cha mwisho.

"Vinarudi, daktari?"

"Vimepungua kunyooka," alisema. "Kuliko ulivyokuja mara ile."

Rasta nyembamba zinataka vidole vinavyotii, si vinavyobembelezwa. Nilijiona nimerudi kitandani, paja la pili limechunwa, na wale wa "aliyekuwa msusi" wameshinda.

Nikatoka moja kwa moja mpaka kwa Kokuberwa.

"Mie natoka kwenye utafiti wenu."

"Sawa," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nimepanga maneno njia nzima ya korido. "Sawa? Huniulizi hata kwa nini?"

"Nilikwambia siku ya kwanza. Hutakiwi kutoa sababu."

Nikavuta kiti nikakaa, nikampa sababu zote bila kuombwa. Nikaitukana kompyuta, nikayatukana mafuta, nikafika kwa wifi nikamtukana kwa kirefu. Kokuberwa alisubiri mpaka pumzi ikaniishia.

"Anapokukanda, unasikiaje?"

"Sisikii kitu chochote."

"Na humwambii aongeze?"

"Siongeagi naye."

Kokuberwa akaweka kalamu mezani. "Toka lini?"

"Toka siku ile ya maji."

Halafu akafungua mlango akamwita Sesilia, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mkoba wangu, maana kila nikienda hospitali yeye ndiye anayenibebea. Akamwambia akande kama anavyokandaga nyumbani. Sesilia akapitisha kidole kiganjani kwangu, vilevile.

"Huku si kukanda," Kokuberwa alisema. "Huku ni kupaka losheni. Mbona hubonyezi?"

Sesilia aliangalia chini. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Naogopa, sista. Nilishamuunguza mara moja. Nikimuumiza tena hatasema, atanyamaza tu na kuangalia ukuta. Mie nitajuaje?"

Nilitafuta hasira yangu na sikuiona, na nilikuwa nimeilea vizuri. Nilimnunia Sesilia ili aumie yeye, kumbe aliyekuwa anaumia ni kidole changu cha kati. Na huyu mtoto wa watu alikuwa anabeba mkono wangu asubuhi na jioni kwa woga, kama mtu aliyepewa sahani ya kuazima. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi.

"Dada Gladness," Kokuberwa alisema, "unatoka au unabaki? Ukitoka sitakuona vibaya."

Nikamsogezea Sesilia mkono.

"Ongeza," nikamwambia. Ndilo neno langu la kwanza kwake tangu maji yale.

Akaongeza kidogo.

"Ongeza bwana! Mie si yai."

Akabonyeza. Maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko, machozi yakanitoka, na chini ya kidole chake nikasikia kovu linalegea.

"Hapo," nilisema. "Hapohapo. Usitoe."

Huwezi kumwambia mtu ongeza na punguza kila siku, asubuhi na jioni, halafu ukashindwa kumwambia chumvi imeisha. Tukaanza na chumvi. Tukaja kwa Praygod na breki zake, tukacheka mpaka mkono ukaponyoka. Jioni moja nikamuuliza siku ile alikuwa anacheka na nani kwenye simu. Nilikuwa nimeshajiambia ni mwanaume.

"Na mama," alisema. "Nilikuwa namwambia kesho wifi ataniachia mteja nisuke peke yangu."

Nilikuwa nimemwahidi kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Punguza," nikamwambia, ingawa haikuuma.

Siku ya kipimo cha mwisho niliosha mkono mara ya kwanza, nikaunusa, nikauosha tena. Dokta Lubaba akapima kidole cha kati, kikalala karibu sawa na meza. Cha pete kikalala. Cha mwisho kiligoma, kimebaki kimepinda kidogo mpaka leo. Akainua macho, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Vizuri sana," alisema. "Sijui umefanya nini nyumbani, na tafadhali usiniambie."

Niliuma ulimi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimewahi kuzaa.

Huko nje nilimuuliza Kokuberwa kama sasa imejulikana kwamba kukanda ndiko dawa. Akasema bado, mpaka mgonjwa wa mwisho apimwe, ndipo wataunganisha hesabu za wote.

"Kwa hiyo inawezekana wale wasiokandwa nao wamepona vilevile?"

"Inawezekana."

Zamani ningegombana. "Basi mtuite mtuambie," nilisema. "Hata kama jibu halitanipendeza." Sesilia alikuwa ananisubiri na mkoba, tukaenda zetu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa yuleyule wa Goba niliyemwokoa mgongo. Alisema hatafungua kichwa chake kwa mtu mwingine. Upande wa kushoto alisuka Sesilia, wa kulia nikasuka mimi, taratibu, kidole cha mwisho kimejitenga kama mgeni asiyejua ajiunge wapi. Mistari yangu ilinyooka. Niliipitia kwa kidole nione kama najidanganya. Sikuwa najidanganya.

Tukamaliza. Kwenye jiko maji yalikuwa yanatokota, na hakuna aliyesogea. Mteja alikaa wima kama yuko kwa daktari wa meno.

"Wifi, chukua wewe," Sesilia alisema kwa sauti ndogo. "Mie siwezi."

"Simu yako iko wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Waya wa draya?"

"Nimeuchomoa."

"Leta maji."

Aliyaleta kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, macho kwenye sufuria. Nilizikusanya rasta zote nikazishika kwa mkono wa kulia, ncha zikaning'inia juu ya beseni. Akafika, akasimama. Mvuke ukanigusa kiganja, na ngozi ile ya pajani ikausikia.

"Mimina," nikamwambia.

Akamimina uzi mwembamba wa maji, mwembamba kuliko wa chai, huku ananitazama usoni badala ya kutazama beseni.

"Ongeza," nikasema, na mkono wangu sikuuondoa.