Alama za Papa Syauswa

Alhamisi ile, saa nne asubuhi, Séphora alijipiga kifua. Nyimbo mia moja na sitini za kwaya zilikuwa zimepata majina mapya kwa dakika moja, na yeye hakugusa hata moja kwa mkono. Programu aliiandika mwenyewe. Wenye maduka ya kuwajazia watu muziki kwenye flashi ni wengi katika mtaa wa Vulamba, lakini wanaojua kuiamrisha kompyuta ni wa kuhesabu, na Séphora hakuwa mtu wa kuficha jambo kama hilo.

Kazi yenyewe aliletewa na Papa Syauswa, mwalimu wa kwaya: diski yenye mazoezi ya miaka miwili. Redio moja ya Beni ilitaka wimbo mmoja mzuri wa kurusha Jumamosi, kabla kwaya haijateremka huko kuimba Jumapili kwenye uzinduzi wa kanisa. Lakini majina ya faili yalijaa alama za mshangao, viulizo na nyota, na flashi haipokei jina lenye nyota wala kiulizo. Basi Séphora akaiambia programu ifagie alama zote. Kila wimbo ulikuwa umerekodiwa mara nne au tano kwa jina lile lile, tofauti ni alama tu, kwa hiyo programu ikaweka namba moja, mbili, tatu. Kwake yeye, mambo yalikuwa safi kabisa.

Papa Syauswa alikuja saa sita, akavaa miwani, akaangalia kioo cha kompyuta. Akavuta kiti akaketi.

"Alama iko wapi?"

"Nilizitosha zote, papa, nikazifuta. Flashi ilikuwa inakatala."

Ndipo mzee alipomweleza, kwa sauti ya chini kama anayeungama. Nyota ilimaanisha wimbo umekaa sawa. Kiulizo kilimaanisha sauti nene zimeyumba. Na mshangao ulimaanisha Mama Florentine ameingia kabla mkono wa mwalimu haujashuka. Florentine ndiye rais wa kwaya, na ulimi wake unajulikana soko zima. Huwezi kuandika jambo kama hilo kwa maneno, ukaliacha mahali watu wanapita.

Séphora akatafuta namna ya kurudisha majina ya zamani, hakuipata. Alikuwa amefanya kazi juu ya diski yenyewe, bila nakala, kosa ambalo kila wiki aliwasema wenzake kwa kulifanya. Akamvisha mzee spika za masikioni, akamwomba wasikilize wimbo mmoja mmoja na kurudisha alama. Papa Syauswa akapandisha sauti mpaka mwisho, akangoja, kisha akazivua akasema zimekufa. Hazikuwa zimekufa. Séphora, aliyesimama mlangoni, alikuwa anausikia wimbo neno kwa neno.

Hakujua aweke wapi macho yake. Akasema atazisikiliza mwenyewe.

Ijumaa alifunga mlango wa duka akasikiliza tangu asubuhi. Nyimbo zilizokaa sawa alizitambua, na sauti nene zilipoyumba hata mtoto angejua. Ila Mama Florentine akiwahi hakumpata hata mara moja. Kila wimbo, kinanda kikimaliza mwanzo, Florentine anaingia palepale, wala hajachelewa wala hajawahi. Alirudia wimbo mmoja mara sita, akaona kwamba kama kuna mtu wa kuulizwa, ni mwenye sauti hiyo.

Alimkuta sokoni nyuma ya magunia ya viazi vya Masereka, akamweleza yote. Mama Florentine alimsikiliza huku akimpimia mtu viazi. Mnunuzi alipoondoka, akamvuta Séphora kando.

"Haiko miye njo nawahiaka, mutoto yangu. Mukono ya papa njo inachelewaka. Masikio yake inaenda, hasikie tena muzuri, siye wote tunajua. Kama tunangoja mukono, wimbo inaanguka. Basi miye nasikiaka kinanda, naingia, bengine banafwata. Hapana kumuambia. Ile kwaya njo maisha yake."

"Lakini yeye anaona unamuzarau, mama. Alikuandika alama mara mingi sana."

Mama Florentine akafuta mikono kwenye kitenge, akafuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka. Miaka miwili alikuwa akimbeba mtu bila mwenyewe kujua, na mtu huyo akawa anamhesabia kila mzigo kama kosa. Iliuma, na hakuficha kwamba imeuma.

Mwishowe akauliza, "Na kama Bénie, ule anapigaka kinanda, anarudilia mwanzo, mupaka mukono inashuka?"

Séphora akasema hilo linawezekana. Jioni ile alimpa Papa Syauswa flashi yenye wimbo mmoja uliokaa sawa. Mzee akauliza kama amezipata zile za Florentine. Séphora akajibu kwamba hakuzipata. Mzee akacheka, akasema basi kule Beni atamletea nyingine.

Jumatatu alirudi na nyimbo kumi na moja za Beni, amechomwa na jua la huko, amefurahi kupita kiasi. Safari hii Séphora alitengeneza nakala kwanza. Tena programu alikuwa ameibadilisha: haikufagia tena, iligeuza kila alama kuwa neno la kawaida na kutoa hesabu. Ikapita kwenye majina yote. Nyota, tisa. Kiulizo, mbili. Mshangao, sifuri.

"Umeona?" mzee akasema. "Miye nilikuwa namuombeaka tu, yule mama. Sasa anajua kungoja mukono."

"Ndiyo, papa," Séphora akajibu.

Akachomeka spika kubwa ya duka, akachagua wimbo wa kwanza, akapandisha sauti mpaka mwisho bila kuombwa. Kinanda kikapiga mwanzo mara moja, mara mbili, mara tatu. Papa Syauswa akainua mkono, akaushusha, na kwaya ikaingia. Jirani alikuja mlangoni kulalamika. Séphora akamwonyesha kiti.